Baridi Niliyompulizia Awino

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na saba. Najua mnacheka, nyinyi vijana wangu wa duka. Kwa ofisi mtu wa thelathini na saba bado anatumwa chai, lakini mimi nilikuwa fundi wa friji hapa Mbita kando ya ziwa, na fundi wa friji anastaafu siku macho yanakataa moto wa kuchomelea paipu. Mimi naona moto tatu. Moja ndio ya ukweli na sijui ni gani. Kwa hivyo nimewaachia geji, nimewaachia pampu, nimewaachia hata ile bisibisi yenye mkono umeyeyuka nusu, na mkaniambia, "Omera, ndugu yetu, andika kitu, usiende na kila kitu kwa kichwa." Sawa. Nilifika darasa la nane tu, kwa hivyo msitafute herufi kubwa. Zile mtapata ni za bahati.

Sitaandika nilipata nini ama nilipanda cheo gani. Sikupanda popote isipokuwa juu ya mabati. Nitaandika juu ya kazi, na juu ya Awino, yule mama wa duka la soda. Nyinyi mnaona anafunga miwani na kamba nyuma ya kichwa mnafikiria ni staili. Si staili. Mimi niko ndani ya hiyo kamba.

Nilianza kwa Fundi Salim mwaka ule nilimaliza shule. Salim alikuwa mtu wa Pwani. Alikuja Mbita na mjomba wake kuuza vitambaa, mjomba akarudi kwao, yeye akabaki na friji moja mbovu, akaitengeneza, akatengeneza ya jirani, mpaka ikawa duka. Kiswahili yake ilikuwa imepigwa pasi. Yetu ilikuwa imekunjwa tu ikatupwa kwa sanduku. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipeleka kwa friji ya baa moja, akaniambia niweke ncha ya bisibisi kwa kompresa na mkono wa hiyo bisibisi kwa sikio langu.

"Wasikia nini, bwana mdogo?"

"Inalia kama mbuzi."

"Mbuzi wa namna gani?"

"Mbuzi amefungiwa nje na mvua imeanza."

"Basi valvu zimekufa. Sikio ndilo chombo cha kwanza, Owiti. Hivi vingine vyote vyauzwa dukani."

Hiyo nimewafunza pia, na bado nyinyi mnakimbilia geji. Sikiza kwanza. Friji inasema inaumwa wapi kabla hujatoboa kitu.

Jioni ya siku hiyo hiyo aliniambia nikate paipu. Nikakata. Gesi ikatoka ikinong'ona, haina harufu, haina rangi, na vidole vyangu vikapata baridi kama nimeviingiza kwa ndoo ya barafu. Dakika moja hivi, ikaisha.

"Inaenda wapi, fundi?"

"Juu."

"Kufanya nini?"

"Kupumzika. Imefanya kazi kuliko wewe."

Hivyo ndivyo tulikuwa tunafanya. Friji zote zilikuwa mtumba, zimezeeka Nairobi zikaletwa huku kumalizia uzee, na ndani zilikuwa na ile gesi ya zamani ya kupoza, R12. Kila kazi ilianza kwa kumwaga. Ulikuwa unakata, unangoja ile kunong'ona iishe, unaendelea na maisha. Nikisema tulikuwa wajinga, najidanganya kidogo, kwa sababu mahali pengine ilikuwa imeshakatazwa. Habari tu ilikuwa bado haijavuka ziwa.

Sasa mnanijua. Mimi siwezi kukaa na kitu kikae tu. Nikagundua ukipindua silinda kichwa chini, gesi inatoka ikiwa bado maji, na ukipuliza kwa chupa ya soda moto, chupa inafanya ukungu mweupe hapo hapo. Siku ya soko nilikuwa nasimama nje ya duka nafanya hiyo onyesho. Watu wanashika mdomo. Mzee mmoja alikunywa akasema hiyo ni soda ya Ulaya. Salim alitoka akaniangalia.

"Gesi si marashi, Owiti."

"Fundi, lakini watu wanakuja."

"Hata penye moto watu huja."

Alikuwa anacheka lakini, kwa hivyo niliendelea.

Awino tulisoma naye. Yeye ni mtu mwenye ualbino. Kwa darasa alikuwa anakaa mbele kwa sababu ya macho, na mimi nilikuwa nawekwa mbele kwa sababu ya kelele, ndio tukakuwa majirani. Baada ya shule yeye alienda kuanika omena, wale dagaa wa ziwa, kwa beach, hapo karibu na daraja la kwenda kisiwa cha Rusinga. Kazi ya omena haijui huruma. Omena inataka jua kali kabisa, saa zile hata mbwa anatafuta ukuta. Ukichelewa inaoza, ukiingia kivulini ndege wanakusaidia kula. Kwa hivyo saa ambayo Awino alifaa kuwa ndani ya nyumba ndio saa alikuwa ameinama kwa nyavu, anageuza. Alikuwa anafunga leso kichwani, lakini upepo wa ziwa na leso hawajawahi patana.

Siku moja alipita dukani saa kumi, mikono imekuwa nyekundu kama imechubuliwa.

"Owiti, wewe uko na baridi ya kuchezea. Hakuna baridi ya mtu?"

Nikachovya kitambaa kwa maji, nikapulizia gesi kidogo, kikakuwa baridi kabisa, nikamwekea kwa mkono. Akafunga macho.

"Ero kamano," akasema. "Asante sana. Hii imetoka mbinguni."

Tungejua vile hayo maneno yangekuja kukaa, mmoja wetu angenyamaza.

Kutoka hapo kila siku saa kumi alikuwa anakuja. Nikaita hiyo kitu kliniki. Wavuvi wakaanza kuleta magoti. Nyanya mmoja alileta jino, nikampulizia shavu, akanibariki mpaka ukoo wangu wote. Lakini Awino alikuwa wa kwanza kwa foleni kila siku, na nilikuwa najisikia. Nilikuwa kijana bila cheti cha kitu chochote, na kuna mtu maumivu yake yanaisha nikifungua valvu.

Ngoja niwaambie moja ya kazi kabla niende huko, kwa sababu huko sitaki kufika haraka. Kulikuwa na mama mmoja huko Rusinga friji yake inanguruma usiku na mchana lakini haigandishi. Nikaenda, nikaivuta kutoka ukutani, nikapata kuku amekaa nyuma juu ya kompresa, kwa ule ujoto, ako na mayai kumi na moja. Nikamwambia mama gesi imevuja, nianze kazi. Akasema, "Nyathina, mtoto wangu, huyo kuku hagusi mtu." Nikamwambia bila kumtoa sitengenezi. Akasema, "Basi rudi wakitoka." Nilirudi baada ya wiki tatu. Vifaranga kumi. Akanipa mmoja, na friji nikatengeneza siku hiyo hiyo. Mnaniuliza kila saa subira ya kazi inafunzwa wapi. Inafunzwa na kuku.

Sasa tuendelee.

Mwaka wa tatu wa hiyo kliniki, Awino alikuja na kidonda juu ya sikio la kushoto, pale leso haifiki. Kidogo kama punje ya maharagwe. Kilikuwa kinafanya gamba, gamba linatoka, kinatoa damu kidogo, kinafanya gamba tena.

"Inawasha, na usiku inachoma," akasema. "Weka hapo."

Nikaweka. Baridi ikaua maumivu, akaenda akiimba. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Miezi ilipita hivyo. Nilikuwa naona punje ya maharagwe imekuwa ukucha wa kidole gumba, na sikuuliza kwa nini haiponi. Kila siku nilikuwa nauliza tu, "Bado inauma?" na yeye anasema, "Saa hii hapana." Nikahesabu hiyo kama kazi nzuri.

Ndipo Salim akapata habari ya kozi ya mafundi wa friji, Homa Bay, siku mbili. Alikuwa na mgongo mbaya, akanituma. Mwalimu alikuwa mama mmoja kutoka Kisii, Madam Kerubo, mdogo wa mwili lakini akisimama mnanyamaza. Alituambia juu kabisa, juu kuliko ndege, kuna hewa inaitwa ozoni, nyembamba, na hiyo ndio inapunguza ukali wa jua kabla ifike kwetu. Na gesi zetu za zamani, zikifika huko, zinaikula.

"Fikirieni wavu wa omena," akasema. "Macho madogo. Miale mibaya inashikwa. Nyinyi mmekuwa mkikata nyuzi mpaka kuna shimo."

Jamaa mmoja wa Migori akauliza, "Nani atashona?"

"Unajishona wenyewe, polepole, mkiacha kukata. Na umeshaanza. Lakini ile gesi umetoa jana bado iko njiani. Itakaa huko kuliko wewe utakaa hapa."

Hapo ndio nilikumbuka ile "kupumzika" ya Salim.

Akaendelea. Macho yanapata mtoto wa jicho, ama ile nyama inatambaa kutoka pembeni. Ngozi inafanya saratani. Mimea mingine inadumaa. Kwa maji, vile vijidudu na majani madogo ambayo hata jicho halioni, chakula cha omena, miale ikizidi inaviua, na mayai ya vyura na samaki kwa maji ya kina kifupi pia. Mimi nikainua mkono nikasema basi omena tuwanunulie mwavuli. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alingoja tu tumalize.

Wakati wa chai nikamfuata.

"Madam, kuna rafiki yangu, ako na ualbino, anafanya kazi ya jua. Ni hilo shimo linamchoma?"

"Shimo lenyewe liko mbali, kusini kabisa," akasema. "Hapa kwetu jua la ikweta linamtosha huyo bila msaada wa mtu. Yeye asingoje wavu ushonwe. Mikono mirefu, kofia pana, mafuta ya ngozi, na kama ako na kidonda hakiponi, aende hospitali. Hata kesho. Ako na kidonda?"

Nikasema, "Nitamuuliza."

Someni hapo pole pole. Nilikuwa nimekishika na mkono wangu siku mbili kabla, na nikasema nitamuuliza.

Nilirudi Mbita na cheti na silinda ya njano ya kukusanyia gesi, na nilijua kitu nafaa kusema. Lakini kusema hiyo ilikuwa pia kusema mimi si daktari, ile kliniki ilikuwa upuzi, na zile kicheko zote saa kumi zilikuwa zimemchelewesha. Nikapata kazi ya mashine ya barafu kisiwani Mfangano nikaenda wiki tatu. Kazi ya wiki moja, mkweli akiulizwa. Nikarudi, Awino akaja.

"Umepotea, daktari. Sikio imenisumbua."

Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka kidogo. Na hapo, hapo kabisa, nilichukua kitambaa nikapuliza.

Baadaye nikasema. Lakini nilisema vile mimi husema vitu. Watu walikuwa wamejaa hapo, na nikatoa ile sauti ya onyesho: "Awino, hii sikio peleka hospitali kabla ihamie kwa mwingine." Watu wakacheka. Awino akacheka kuwashinda.

"Wewe wataka nikutoroke niende kwa daktari mwenye koti," akasema.

"Ni ukweli nasema."

"Ehe, kama ule ukweli wa soda ya Ulaya."

Nikacheka na wao. Hiyo ndio shida ya mtu kama mimi. Siku nilikuwa na neno moja la maana, halikuwa na nguo yake. Nililivalisha ile ya kila siku, na hakuna mtu alilitambua. Ningeweza kumfuata nyumbani. Ningeweza kumwambia akiwa peke yake. Sikufanya. Nilijiambia nimeshasema.

Ilipita miezi mingine minne. Ni Salim alimaliza hiyo kliniki. Alitoka nyuma ya duka siku moja akatukuta, kitambaa kiko kwa sikio, akakitoa na mkono wake, akaangalia. Kisha akaniangalia mimi.

"Hiki kina muda gani?"

"Mwaka hivi," Awino akasema.

"Owiti, kompresa ikilia, sisi huwa twaiziba mdomo?"

Nikafunga valvu ya silinda.

"Nakuuliza. Ikilia, twafanyaje?"

"Tunasikiza, fundi."

"Mwanangu," akamwambia Awino, na sauti ilikuwa nyingine kabisa, "kesho asubuhi nakupeleka hospitali mwenyewe. Duka halitafunguliwa."

Na halikufunguliwa. Homa Bay wakamwangalia wakamtuma Kisumu, na Kisumu wakasema ni saratani ya ngozi, haijafika ndani, lakini sikio halina kitu ya kuokoa. Wangekiona kikiwa maharagwe, wangetoa kipande kidogo cha juu. Hiyo si mimi nimesema, ni daktari alimwambia Awino, na Awino akaniambia, akiniangalia usoni, bila kuongeza kitu. Walitoa sikio lote.

Gesi yangu haikumchoma Awino. Nimefikiria hii miaka mingi na Madam Kerubo alikuwa mkweli. Gesi yangu ilienda juu kuwakata wavu watu nisiowajua, wengine hawajazaliwa. Kwa Awino nilifanya kitu tofauti. Kidonda chake kilikuwa kinapiga kelele, na mimi nilikuwa na dawa ya kukinyamazisha, na nilimpa kila siku saa kumi, bure.

Alipotoka hospitali Salim alimpa friji ya kijani iliyokuwa haina mwenyewe, akamwambia auze soda chini ya paa, omena iachie wengine. Ndio lile duka mnajua. Kliniki ilikufa, na silinda ya njano nikaanza kuitumia kila kazi. Mnakumbuka vile nilikuwa mkali. Mashine ya kuvuta gesi ni polepole, inachukua karibu saa nzima kwa kitu kingeisha dakika moja, na mteja anasimama hapo anauliza, "Fundi, hiyo ndio ya haraka?" Nilimfukuza mmoja wenu kwa kukata paipu nyuma ya jiko akifikiria sisikii. Nilisikia. Hiyo kunong'ona mimi naisikia hata nikilala.

Salim alirudi Pwani mgongo ulipomshinda. Kabla aende aliniambia, "Ulikuwa na mikono mizuri, Owiti. Mdomo ndio ulitangulia." Nikambebea sanduku mpaka stage ya basi, na hiyo yenyewe ilimfurahisha.

Jicho langu lilianza kama mchanga. Kisha ikatokea nyama nyeupe kwa pembe ya pua, inatambaa polepole kwenda kwa kioo cha jicho. Daktari wa macho aliuliza nafanya kazi wapi. Nikasema juu ya mabati na kwa boti za barafu, miaka ishirini, bila miwani. Akasema jua, vumbi, upepo, na mng'ao wa maji na mabati. Alikata ikarudi. Alikata tena, ikarudi na mwenzake wa jicho lingine. Hakuna mtu wa kulaumu hapo. Miwani ilikuwa inauzwa hapo stage na nilikuwa naicheka kama ya wazungu.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita, na wawili kati yenu mlikuwa hapo mmebeba mashine, kwa hivyo mtaniambia kama naongeza chumvi. Friji ya kijani ya Awino ilikufa. Kompresa ilikuwa imekwama kabisa, hata bisibisi haikupata kitu. Ndani ilikuwa bado na R12, na sijui kama kuna ingine imebaki hii Mbita yote. Alikuwa amenunua mpya, na ya zamani ilikuwa iende kwa chuma chakavu. Nikamwambia hatuitoi hapo kabla gesi itoke.

Tukafunga paipu kwa mashine, nikawasha, tukakaa. Ilikuwa saa kumi. Joto la kukausha mate. Awino alikuwa na kofia yake pana, mikono mirefu, ameketi ndani ya kivuli, miwani imefungwa na kamba. Mashine inanguruma. Kisha akainuka, akachovya kitambaa kwa ndoo, akakikamua, akanisongea.

"Owiti. Puliza kidogo. Ya kuagana."

Nikaangalia kitambaa. Nikaangalia uso wake, na kwa haya macho sikuweza kujua kama anacheka. Kulikuwa na maneno kama kumi tayari kwa mdomo, yote ya kuchekesha. Niliyameza.

"Hapana, Awino."

"Kidogo tu. Nani ataona?"

"Hapana."

Akasimama hapo na kitambaa kinadondosha maji. Mashine ikaendelea. Alirudi akakaa, akaweka kitambaa kwa shingo yake hivyo hivyo kikiwa na maji tu, akarekebisha kamba nyuma ya kichwa.

"Kare, kumbe," akasema. "Kwa hivyo hiyo neno unaijua."

Silinda ilikuwa bado inajaa. Tulikaa mpaka gesi ikaisha.